Atakuja au Hatakuja? Simu Inapotusahihishia Kiswahili

Tuchukue meseji ya maneno matatu: "Fundi gatakuja kesho." Aliyeandika kidole kimemteleza. Kwenye kibodi ya simu herufi g imepakana na h, kwa hiyo huenda alikusudia "hatakuja". Huenda pia alitaka kuandika "atakuja", kidole kikagusa g njiani. Marekebisho yote mawili ni ya herufi moja. Yote mawili yanatoa Kiswahili safi, na maana zake zinapingana kabisa. Mwenye nyumba wa Butimba, jijini Mwanza, ambaye bomba lake limepasuka ataamka alfajiri kumngoja fundi, au ataondoka mapema kwenda sokoni Mwaloni kwenye biashara yake, kwa kufuata uamuzi ambao programu imeutoa kufumba na kufumbua bila kumuuliza mtu.

Mazungumzo yetu kuhusu otokorekti kwa kawaida hukomea kwenye vichekesho: "dada" imekuwa "dads", "nane" imekuwa "name". Makosa hayo yanaudhi, lakini yanajitangaza yenyewe. Msomaji anajua mara moja kwamba simu imejiandikia, na mwandishi anatuma marekebisho. Ninaloona ni zito zaidi ni kwamba kitenzi cha Kiswahili kimeundwa kwa namna ambayo kosa la herufi moja mara nyingi huzaa kitenzi kingine halali, ilhali teknolojia tuliyorithi ilianzia kwenye lugha ambayo kosa la herufi moja kwa kawaida huzaa kitu kisicho neno. Kibodi za Kiswahili zikiboreka, vichekesho vitapungua. Makosa yanayovaa sura ya Kiswahili sahihi ndiyo yatakayobaki.

Historia yenyewe inaeleza mengi. Mwaka 1964 Frederick Damerau wa kampuni ya IBM alichapisha uchunguzi wake kuhusu makosa ya tahajia katika kompyuta. Zaidi ya asilimia 80 yalikuwa ya aina nne: herufi moja imezidi, imepungua, imebadilishwa na nyingine, au herufi mbili jirani zimepishana nafasi. Mwaka uliofuata Vladimir Levenshtein, mwanahisabati wa Umoja wa Kisovieti, alieleza namna ya kupima umbali kati ya neno na neno kwa kuhesabu mabadiliko ya herufi. Mawazo hayo mawili yangali ndani ya simu zetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Dean Hachamovitch wa Microsoft aliiwezesha programu ya Word kugeuza "teh" kuwa "the" papo hapo, bila kumsimamisha anayechapa. Kisha Ken Kocienda wa Apple akaihamishia kazi hiyo kwenye kioo cha iPhone, iliyotoka mwaka 2007. Huko ilikuwa ya lazima, kwa sababu herufi kwenye kioo ni ndogo kuliko ncha ya kidole. Hilo tulikubali kwa haki: bila msahihishaji wa ndani, simu ya kupangusa ingekuwa mateso kwa kila mwandishi, wa lugha yoyote.

Makosa yale yanayojitangaza chanzo chake ni rahisi. Simu nyingi huanza kutumika zikiwa zimewekwa Kiingereza, na wengi wetu hatubadilishi. Binti aliyempeleka mdogo wake hospitali anamwandikia mama yake, "Mtoto hajambo, imebaki dawa moja." Anaandika mbele ya msahihishaji anayejua Kiingereza pekee, ambaye kwake karibu kila neno la sentensi hiyo ni kosa linalosubiri kurekebishwa. Kati ya "mtoto" na "motto" kuna herufi mbili tu zilizopishana nafasi, moja ya zile aina nne za Damerau. Kati ya "dawa" na "dawn" kuna herufi moja. Programu inafanya hasa kile ilichofundishwa.

Tiba ya hapo ipo, na haina gharama. Gboard ya Google ina Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya, na inaruhusu lugha zaidi ya moja kwa wakati mmoja. SwiftKey ya Microsoft nayo ina Kiswahili. Dakika chache kwenye mipangilio ya simu zinatosha kumwondoa "motto". Ukishafika hapo ndipo ngazi ya pili inaanza, na ndiyo inayostahili jasho letu.

Kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kupika kina maumbo manne. Sasa tuhesabu letu. Nafsi sita mara nyakati nne, yaani na, li, ta na me, ni maumbo 24. Ongeza kiambishi cha kinachopikwa: nimekipika chakula, nimevipika viazi, nimeipika nyama, nimezipika ndizi, nimeupika ugali, nimelipika boga, nimeyapika maharage. Hivyo ni viambishi saba, pamoja na uwezekano wa kutoweka chochote, jumla nane. Tumefika 192. Weka ukanushi, sijakipika, hatukuupika, na idadi inakuwa 384. Bado hatujagusa pikia, pikwa, pikisha wala pikika, hatujaweka ki ya "akipika", nge ya "angepika", wala "aliyepika" na ndugu zake wote. Kitenzi kimoja cha jikoni kinaweza kutoa maelfu ya maumbo, na kila mtu pale Mkuyuni sokoni anayatumia bila kufikiri. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ya mwaka 2015 zinaorodhesha "pika", na ni sawa kabisa kwa kazi ya kamusi. Msahihishaji anayetegemea orodha ya maneno yaliyokamilika atakwama kwenye "hatujawahi kuyapikia" na kudhani amekutana na takataka.

Idadi hiyo peke yake ingevumilika. Kinachotuumiza ni jinsi maumbo hayo yalivyokaribiana. Kiswahili kinabeba mtenda, wakati, mtendwa, ukanushi na kauli ndani ya silabi fupi, mara nyingine ndani ya herufi moja. Herufi h peke yake hutenganisha "atakuja" na "hatakuja", "wamefika" hupungukiwa w ikawa "amefika", "umelipa" ikipachikwa t mbele inakuwa "tumelipa". Chukua mwanakikundi wa kuweka na kukopa anayemwandikia mhasibu wao: "Mama Kulwa, nimelipqa ile laki moja." Herufi q iko pembeni ya w na juu ya a. Ukiifuta, unapata "nimelipa", yaani deni limekwisha. Ukiibadilisha iwe w, unapata "nimelipwa", yaani fedha imepokelewa, na deni halikutajwa. Zote ziko hatua moja kutoka kwenye kosa. Programu itapiga hesabu ya neno gani hutokea zaidi na kidole kiligusa wapi hasa, kisha itachagua. Ikikosea, hakuna mstari mwekundu utakaochorwa chini ya neno, kwa sababu neno lenyewe halina kosa.

Hilo lina uzito wa kisheria. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama ya Tanzania haiwezi kuukataa ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Meseji ya laki moja inaweza kusomwa mbele ya hakimu, na tofauti ya w moja ikawa hoja ya wakili. Sidai kwamba kesi zitafurika. Nasema tumeipa programu nafasi ya kushika kalamu katika makubaliano ambayo wazee wetu walikuwa wakiyashuhudia ana kwa ana.

Kuna nchi iliyokutana na tabu hii kabla yetu. Kifini, kama Kiswahili, hupachika viambishi juu ya viambishi hadi neno moja likawa sentensi, ingawa chenyewe huvipachika mwishoni. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa mfumo wa kuchanganua maneno ya namna hiyo kwa kanuni badala ya orodha: kompyuta inajifunza mizizi na jinsi viambishi vinavyopangika, kisha inalitambua hata neno ambalo haijawahi kuliona. Mwenzake wa chuo hichohicho, Arvi Hurskainen, aliuchukua mfumo huo tangu mwaka 1985 akaujengea Kiswahili, kazi iliyokuja kuitwa SALAMA. Kwa hiyo kuchanganua "hatujawahi kuyapikia" si ndoto ya kesho. Jambo hilo limewezekana kwa miongo kadhaa, na lilianza katika nchi ya theluji kwa sababu wenyeji wake walikuwa na kitenzi kizito kama chetu. Hata kwetu juhudi hazikukosekana: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kazi hizo zilifanyika zama za kompyuta ya mezani. Simu ilipochukua nafasi, njia ilibadilika: kibodi za leo hujifunza zaidi kutokana na wingi wa maandishi kuliko kutokana na kanuni za sarufi.

Hapo maandishi gani yanatumika linakuwa swali kubwa. Hazina ya matini ya Kiswahili iliyokusanywa Helsinki ina maneno takriban milioni 25, mengi yakiwa ya magazeti, vitabu na mijadala ya Bunge. Ni hazina ya thamani, na walioikusanya wanastahili shukrani. Lakini mbunge haandiki kama mchuuzi wa dagaa. Katika meseji za ufukwe huu wa ziwa kuna maneno ya uvuvi kama kayabo, mabondo, karabai, kokoro, furu na mwalo. Kuna "nimekumiss", "ameniblock" na "nitasubmit kesho", maneno ya Kiingereza yaliyovishwa viambishi vya Kiswahili kwa utaratibu kamili wa sarufi yetu. Mfumo wa kanuni ungeyameza bila shida. Mfumo uliolishwa magazeti unayashangaa.

Halafu kuna mwandiko ambao vijana wa zama za kiswaswadu walituachia, na ambao watu wazima wengi huulaumu bila kuuelewa: "xaxa", "xana", "cjui", "cna". Kwenye simu hiyo ya vitufe, s ilikaa ya mwisho kwenye kitufe cha 7, ukibonyeza mara nne ndipo unaipata. Herufi x ilikuwa kwenye kitufe cha 9, mara mbili tu. Katika "cjui", c ya mara tatu inachukua nafasi ya s ya mara nne na i ya mara tatu. Madoido yalikuwemo, bila shaka, lakini yaliegemea kwenye hesabu ya vidole, juu ya hesabu ya herufi 160 za meseji moja. Kioo cha kupangusa kiliondoa sababu hiyo, mwandiko ukabaki kama alama ya rika. Kibodi ya leo ikimkuta aliyeandika "cjui", inabidi iamue kama ni kosa au ni hiari yake. Kwa maoni yangu hiari ya mwandishi inatangulia: simu haina mamlaka ya mwalimu wa insha katika mazungumzo ya watu wawili.

Makosa ya kidole ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni ya ulimi, na Kanda ya Ziwa tunayajua vizuri. Kisukuma hakitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, kwa hiyo "kura" na "kula" hubadilishana nafasi kwenye maandishi kama zinavyobadilishana midomoni. Wengine huandika "samani" wakimaanisha "thamani", au "ela" wakimaanisha "hela". Msahihishaji anayepima umbali wa vitufe hawezi kuona lolote hapa. Herufi l na r ziko mbali kwenye kibodi, na "kula" ni neno zuri kabisa. Ili kumsaidia mtu wa Butimba, simu ingepaswa kujua jinsi anavyotamka, kisha isome sentensi nzima: anayezungumzia wagombea ana uwezekano mdogo wa kuwa anazungumzia chakula. Kinyume chake ndicho kinachotokea. Kibodi nyingi hujifunza kutoka kwa mwenye simu, na kosa lililorudiwa mara kadhaa huingia kwenye kumbukumbu yake na kuanza kupendekezwa kama neno halali. Nadhani hata ule mtindo unaozidi kuenea wa kukata kitenzi vipande, "nime fika", "ana kuja", unapata nguvu hapo: kibodi isiyojua "nimefika" inakubali "nime" na "fika", na mwandishi anachukua kilichokubaliwa.

Majina ndiyo yanayoniuma zaidi. Katika Usukuma, Doto na Kulwa ni majina ya pacha karibu kila mtaa, na "Doto" iko herufi moja kutoka "Dots". Kisukuma kina sauti inayoandikwa ng'w, kama katika neno "ng'wana", mtoto, na ritifaa hiyo ni sehemu ya jina kama herufi nyingine yoyote. Wakati wa msiba kundi la WhatsApp la ukoo hutangaza jina la marehemu, la wazazi wake na la kijiji anakopelekwa. Jina lililogeuzwa katika tangazo hilo husambazwa kama lilivyo, kundi hadi kundi, mpaka Sengerema na Ukerewe, kabla mtu hajalikosoa. Mfiwa hana muda wa kugombana na kibodi.

Ritifaa ina gharama nyingine isiyoonekana. Baadhi ya simu hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, kwa ajili ya urembo wa maandishi. Kwenye meseji ya kawaida ya mtandao wa simu, isiyo ya WhatsApp, herufi 160 zinaingia tu kama zote ziko katika orodha ya msingi iliyowekwa kwa ajili ya meseji. Ritifaa iliyonyooka imo katika orodha hiyo. Iliyopinda haimo, na ikijitokeza moja tu, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Taarifa ya herufi 150 kuhusu ng'ombe wa mahari, iliyokuwa meseji moja, inahesabiwa kuwa tatu. Mwenye bando la meseji analipa bila kujua alichonunua.

Wengi wamejibu kwa kuacha kuandika. WhatsApp iliweka ujumbe wa sauti mwaka 2013, na leo mfanyabiashara wa samaki au mzee asiyeona vizuri hubonyeza kipaza sauti, akasema alilo nalo na kuendelea na kazi. Ni jibu la busara na silipingi. Ila kila aliyehamia kwenye sauti anapunguza Kiswahili cha kila siku kilichoandikwa, na sauti haitafutiki kirahisi siku unapotaka kujua ni bei gani mlikubaliana mwezi uliopita. Makubaliano ya fedha, tarehe na majina yaendelee kuandikwa.

UNESCO, ambayo mwaka 2021 iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, inataja wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Lugha yenye watu wengi hivyo ina haki ya kudai sharti moja mahususi kwa watengenezaji wa kibodi: pale ambapo marekebisho mawili yote ni vitenzi halali, na yanatofautiana katika nafsi, ukanushi au kauli, programu isichague. Ionyeshe "atakuja" na "hatakuja" juu ya kibodi, imwachie mwandishi aguse lake. Kuchanganua maumbo hayo kunawezekana tayari, na gharama kwa mwandishi ni mguso mmoja. Kupendekeza na kubadilisha ni kazi mbili tofauti, na kwa kitenzi cha Kiswahili ya pili haifai kufanywa kimya.

Upande wetu kuna kazi ya matini. BAKITA, iliyoanzishwa mwaka 1967, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam zina uwezo wa kukusanya na kuachia wazi orodha za maumbo na za majina ya mahali. Lakini Kiswahili cha meseji hakitapatikana ofisini Dodoma wala Dar es Salaam. Chuo cha Ualimu Butimba kinapokea wanachuo kutoka mikoa mbalimbali, wenye Kisukuma, Kijita, Kihaya na Kikerewe nyuma ya Kiswahili chao. Wakiombwa kwa hiari, na namba na majina yakifutwa kwanza, mazungumzo yao yangefundisha kibodi mambo ambayo gazeti halina. Walimu hao ndio watakaosahihisha madaftari ya watoto wanaojifunza tahajia kwenye simu za wazazi wao, kwa hiyo jambo hili ni la taaluma yao moja kwa moja.

Kwa anayetaka nafuu jioni hii, mpangilio ni huu. Ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, acha na Kiingereza kama unachanganya. Zima kipengele cha kusahihisha kiotomatiki, lakini acha mapendekezo yakiwaka juu ya herufi. Kama simu yako ina kipengele cha alama za uandishi zilizorembwa, kizime pia, ritifaa ibaki imenyooka. Kisha fungua kamusi binafsi ndani ya mipangilio ya kibodi na uingize majina ya watoto, ya ukoo, ya kijiji na ya bidhaa unazouza. Kwa tarakimu usiwe na wasiwasi sana, kwani kwa kawaida msahihishaji hazigusi. Mwenye kuogopa "nane" kuwa "name" kwenye oda ya ndoo za dagaa aandike 8.